Sura ya Saba: Zaidi Kidogo, Pungufu Kidogo

Tarehe 5 Oktoba 2015 kifusi kiliwafungia wachimbaji sita chini ya ardhi katika mgodi mdogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Walikuwa kwenye kina cha mita mia moja hivi. Juhudi za kuwafikia zilikwama, na siku zilivyopita wengi waliamini kwamba hakuna tena wa kuokolewa. Nchi ikaendelea na mambo yake. Oktoba 25 Watanzania walipiga kura, Novemba 5 John Magufuli akaapishwa kuwa Rais. Novemba 15 watano kati ya wale sita wakatolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefia humohumo. Walikuwa wamekula mende na vyura, na kunywa maji yaliyochuruzika kwenye mwamba.

Siku hizo ukizihesabu kwenye kalenda unapata 41, wala hapana ubishi. Lakini mwandishi wa Kiingereza anayetaka kusema kwa kukadiria ana milango mingi ya kupitia. Anaweza kuandika "about forty days", au "over forty days", au "nearly six weeks", au "more than a month". Zote ni kweli tupu. Arobaini na moja inazidi arobaini kwa siku moja, na ni wiki sita kasoro siku moja. Hata hivyo msomaji hatoki na picha ileile. "Nearly six weeks" inamsukuma juu, na kesho atasimulia kwamba watu walikaa shimoni wiki sita. "Over forty days" inamwambia kwamba mpaka ulishavukwa, na aliyelelewa na Biblia atazisikia siku arobaini kwa uzito wake. "More than a month" inameza siku kumi nzima bila kusema uongo wowote, na kwa mtu aliye gizani bila chakula, siku kumi ni umri.

Ninaanza na Nyangalata kwa makusudi. Maneno ya kukadiria huonekana madogo, na shuleni tuliyapita mbio: "about" ni "kama", "almost" ni "karibu", funga daftari. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Bulyanhulu, Nyarugusu na Geita mjini, maneno hayohayo ndiyo yanayobeba uzito wa dhahabu, umbali wa shamba na mgodi, muda wa kusubiri fidia, na ahadi za ajira. Yanaingia vijijini kwa karatasi za Kiingereza na kutafsiriwa na mtendaji au mwalimu mwenye haraka, na yakitafsiriwa vibaya mtu anapoteza mali.

Kwanza tutazame mwelekeo, kwa sababu hapo ndipo mwalimu wetu alipotuacha. Kuna makadirio yanayotazama pande zote mbili: "about", "around", "roughly", "approximately", "or so", "give or take". Ukisema "about fifty bags", huenda ni viroba 48, huenda 53. Kiswahili kina "kama", "hivi", "yapata", "takriban", "kiasi cha", na tunaweza hata kuviweka viwili kwa pamoja, "kama viroba hamsini hivi", bila kumchosha msikilizaji. Kuna yanayotazama chini peke yake: "nearly", "almost", "just under", "close to". Hapa hesabu haijafika na mwenye kusema anajua haijafika. Sisi tunayo "kasoro", neno tunalolitumia kila siku kwenye saa na tunalisahau tukishika kalamu. Halafu kuna yanayotazama juu: "over", "more than", "in excess of", "upwards of". Hili la mwisho huwatega wengi. "Upwards of fifty" ni zaidi ya hamsini. Wapo wanaolisoma kana kwamba hamsini ndiyo mwisho wa kupanda.

Kisha kuna "up to". Ningependa kila mwenyekiti wa kijiji alijue hili kama anavyojua muhuri wake. "Up to 1,000 jobs" ni dari, na dari haikuambii ndani kuna nini. Mradi uliotamka hivyo ukaajiri watu kumi na wawili haujavunja sentensi yake. Tafsiri inayozoeleka, "hadi ajira 1,000", ni sahihi kisarufi, lakini masikioni mwa watu waliokaa chini ya mwembe inasikika kama elfu moja kamili zinakuja. Mfasiri mwaminifu angesema "ajira zisizozidi 1,000". Ghafla mkutano mzima unaamka, na swali la kwanza linakuwa lile lililopaswa kuulizwa: na zisizopungua ngapi?

Kosa lililoenea zaidi, ambalo hata vyombo vikubwa vya habari hulirudia, liko kwenye "some". Kiingereza kikisema "some 200 miners were evacuated", maana yake ni wachimbaji wapatao 200 waliondolewa. Mfasiri anayekimbizana na saa ya kwenda hewani huandika "baadhi ya wachimbaji 200 waliondolewa". Maana imepinduka. Msikilizaji sasa anajua kuna wachimbaji 200, wengine wametoka na wengine wamebaki, na ndugu aliye mbali anaanza kupiga simu huku anatetemeka. "Some" ikitangulia namba ni "wapatao", "yapata", "kiasi cha". Ikitangulia nomino peke yake, hapo ndipo huwa "baadhi". Kanuni ni hiyo tu, na ingetuepusha na machozi ya bure.

Ziko nyingine zinazofanana nayo kwa hila. "Quite a few" ina neno la uchache ndani yake lakini maana yake ni wengi wa kutosha. "Thirty-odd people" hawana ajabu yoyote. Ni watu thelathini na ushee, na ushee ni neno letu zuri ambalo vijana wa magazetini wameliacha kwa wazee. "The best part of an hour" si sehemu tamu ya saa, ni sehemu yake kubwa, dakika hamsini hivi. "A good two hours" ni saa mbili nzima na huenda zaidi, hata kama zilikuwa mbaya kwa aliyezisubiri. "Dozens" ni makumi, kwa desturi ya kuhabarisha, ingawa darzeni ni kumi na mbili. "Scores" ni makumi pia, maana "score" moja ni ishirini, nami nimewahi kuisoma ikitafsiriwa kwa neno la magoli.

Muda una mtego wake ambao ni wetu peke yetu. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, ya Kiingereza huanza usiku wa manane. Chukua tangazo la kulipua baruti linalosema "between one and two in the afternoon". Hiyo ni kati ya saa saba na saa nane mchana. Lakini tangazo hilohilo likisema watu wakae mbali "for about two hours", hapo saa mbili hubaki mbili, kwa kuwa muda wa kupita hauzungushwi saa sita kama muda wa kwenye saa ya ukutani. Mfasiri anayezungusha vyote viwili, au asiyezungusha hata kimoja, anawaweka watoto wa mbuzi na wachungaji wao mahali wasipopaswa kuwa. Makadirio hayana kosa hapo. Kosa ni la mtu aliyedhani "about" inamruhusu kuwa mzembe na namba inayofuata.

Umbali nao. Taarifa za mgodi wa Bulyanhulu kwa wawekezaji zimezoea kuuelezea kuwa uko "approximately 55 kilometres" kusini mwa Ziwa Victoria na 150 kusini-magharibi mwa jiji la Mwanza. Hizo ni kilomita za kwenye karatasi, na kwa mwekezaji aliyeko Toronto zinatosha. Mkazi wa Kakola, mji uliokua mlangoni mwa mgodi huo, hapimi hivyo. Kwake Mwanza ni nauli, ni vumbi la kiangazi au tope la masika, ni kutwa moja ya kwenda na kurudi ikiwa mambo yamenyooka. Tena Kiswahili kina kipimo ambacho karatasi haiwezi kukibeba. Ukimwuliza njia mama anayepepeta mpunga Msalala atakuambia "pale", na ikiwa ni mbali "paleee", na mkono wake unapanda kadiri sauti inavyorefuka. Mgeni anayedharau makadirio hayo ajaribu kuyapinga kwa miguu.

Nina ugomvi na msemo mmoja wa umbali, "within walking distance". Aliyeuandika amezoea mji wenye njia za waenda kwa miguu, na miguu anayoifikiria ni ya mtu mzima aliyekula. Ukiingia katika ripoti ya mradi kuhusu kisima kitakachohamishwa au shule itakayojengwa upya, unageuka kuwa hukumu. Mtoto wa Shinyanga hutembea kilomita tano kwenda shule na tano kurudi. Je, hiyo ni "walking distance"? Kwa mwandishi wa ripoti inaweza kuwa jibu la ndiyo, maana watu tayari wanatembea. Msemo huu haupaswi kukubaliwa katika karatasi yoyote inayogusa maji, shule au zahanati. Iandikwe namba ya mita, na ipimwe kwenye njia inayopitwa na watu.

Sasa tuingie shimoni, kwa sababu wachimbaji wadogo wanajua kukadiria kuliko sisi tunaoandika. Kina cha duara, yaani shimo lao la kuchimbia, wanakitaja kwa futi, "tumeshuka kama futi mia mbili hivi", na futi hizo zimehesabiwa kwa kamba, kwa ngazi za magogo na kwa uchovu wa mabega. Mawe yakitoka hayagawanywi kwa gramu za dhahabu, kwa kuwa gramu hizo bado hakuna azijuaye. Yanagawanywa kwa viroba. Mwenye duara ana viroba vyake, mwenye shamba au leseni ana vyake, vijana waliochimba wana vyao, na kila mmoja anakwenda karashani kusaga na mwaloni kuchenjua alichopata. Kiroba ni kipimo kisicho na usahihi wowote wa dhahabu. Kimoja kinaweza kuwa na pointi chache, cha jirani yake kikawa na gramu kadhaa. Lakini utaratibu huo una haki ndani yake, nami nauheshimu: kutojua kumegawanywa pamoja na mawe. Hakuna aliyebeba bahati mbaya ya wenzake huku yeye ameketi juu ya uhakika.

Usahihi unaanza baadaye, dhahabu ikishachomwa na kufika kwenye mizani. Hapo neno ni pointi, sehemu moja ya kumi ya gramu, na hakuna tena "kama" wala "hivi". Mtu aliyekuambia asubuhi kwamba duara lina futi mia mbili, zaidi kidogo pungufu kidogo, jioni atagombana kwa pointi moja, na ana haki. Ndiyo sababu soko la dhahabu la Geita, lililozinduliwa Machi 2019 likiwa la kwanza la aina yake nchini, lilikuwa jambo kubwa kwa watu hawa: mizani inayoonekana, bei ya siku inayojulikana, na ushuru unaokatwa hadharani. Kabla ya hapo mchimbaji alikadiriwa na mnunuzi, na mnunuzi hukadiria kwa faida yake.

Kampuni kubwa zinahesabu kwa aunsi. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, nzito kuliko aunsi ya kawaida ya sokoni ambayo ni gramu 28.35, na hilo pekee limewahi kuharibu hesabu za wengi. Mgodi wa Geita, GGM, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, hutoa kiasi cha nusu milioni ya aunsi kwa mwaka, miaka mingine zaidi, mingine pungufu. Nusu milioni ya aunsi ni tani 15 na nusu. Ukiandika "approximately 500,000 ounces" na ukakosea kwa asilimia moja tu, umekosea kwa kilo 155. Kwa mhasibu, asilimia moja ni mviringisho wa kawaida. Kwa kijana wa Nyarugusu anayehesabu pointi, hizo ni pointi 1,550,000, dhahabu ambayo yeye na ukoo wake hawataishika maisha yao yote. Neno ni lilelile, "approximately". Ukubwa wa kosa linalolificha hutegemea ukubwa wa namba iliyo mbele yake. Kwa hiyo neno hilo linastahili kuulizwa maswali mengi zaidi kadiri namba inavyokuwa kubwa.

Watu wa madini wenyewe wanalijua hili, na sheria zao ni kali kuliko msomaji anavyodhani. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Calgary, Kanada, ilianguka baada ya kugundulika kwamba sampuli za Busang, huko Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa ulaghai. Makadirio yake yalikuwa yamepanda mwaka hadi mwaka mpaka makumi ya mamilioni ya aunsi, na ardhini hapakuwa na kitu. Kanada ilijibu kwa kanuni iliyoanza kutumika 2001, inayotaka kila kadirio litiwe saini na mtaalamu anayejulikana kwa jina. Australia ilikuwa na mwongozo wake, uitwao JORC, tangu 1989. Mwongozo huo unawataka wataalamu waseme "estimate" na wasiseme kamwe "calculation", ili msomaji asidhani dhahabu iliyo chini ya mwamba imehesabiwa kama shilingi mezani. Unawataka pia waviringishe namba. Unatoa hata mfano: tani 10,863,000 zenye asilimia 8.23 ziandikwe tani milioni 11 zenye asilimia 8.2, kwa kuwa zile tarakimu za ziada zinajifanya zinajua zisichokijua.

Katika mwongozo huo Kiingereza cha madini kina ngazi tatu za uhakika. "Measured" ni hazina iliyochorongwa kwa karibu kiasi cha kuaminika. "Indicated" iko chini yake. "Inferred" ni ya kudhania kutokana na ushahidi mchache. Inaashiria kuwepo kwa dhahabu bila kuithibitisha. Gazeti letu likichukua jumla ya zote tatu na kuandika "mgodi una dhahabu aunsi milioni kadhaa", limefuta ngazi ambazo wenye mgodi wenyewe wamekatazwa kuzifuta. Halafu mbunge anasimama na jumla hiyo, mwanakijiji anaisikia, na kila mtu anajiuliza fedha hizo zimekwenda wapi wakati sehemu kubwa yake haijawahi kuonwa na jicho. Ningetaka waandishi wa Geita na Shinyanga wafundishwe maneno haya matatu kabla ya kufundishwa mengine yote. Tunaweza kuyaita hazina iliyopimwa, hazina iliyoonyeshwa na hazina ya kudhania. Majina si shida, shida ni kuyachanganya kwenye kapu moja.

Hakuna mahali ambapo nchi nzima iliishi ndani ya makadirio kama mwaka 2017. Machi mwaka huo serikali ilizuia kusafirisha nje mchanga wa dhahabu na shaba, ambao taifa zima likajifunza kuuita makinikia, kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi iliyokuwa chini ya kampuni ya Acacia. Makontena 277 yakazuiliwa. Mei 24 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikamkabidhi Rais ripoti yake. Nyaraka za usafirishaji zilionyesha dhahabu ya wastani wa gramu 200 kwa tani, sawa na kilo 4 hivi kwa kontena la tani 20. Kamati ilisema sampuli zake zilikuwa kati ya gramu 671 na 2,375 kwa tani, wastani 1,400. Hesabu hiyo inatoa kilo 28 kwa kontena na tani 7.8 kwa makontena yote.

Tazama namba hizo kwa jicho la sura hii. Wastani wa kamati ni mara saba ya wa nyaraka. Lakini linaloamua zaidi ni ncha ya chini. Hata kipimo kidogo kabisa cha kamati, 671, ni zaidi ya mara tatu ya 200. Watu wawili wanaokadiria kitu kimoja kwa uaminifu wanaweza kutofautiana. Mmoja atasema kati ya 150 na 260, mwingine kati ya 200 na 300, na mahali fulani watakutana. Makadirio yakikosa hata ukingo mmoja wa kugusana, tofauti hiyo haielezeki tena kwa zaidi kidogo na pungufu kidogo. Ama hawakupima kitu kilekile, ama hawakupima kwa njia ileile, ama mmoja wao amekosea vibaya. Acacia ilikanusha na kutaka uchunguzi huru. Baada ya kamati ya pili, iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro, kampuni ilijibu kwamba kama namba zile zingekuwa kweli, basi yenyewe ingekuwa mzalishaji wa tatu kwa ukubwa duniani. Julai ikaja hati ya madai ya kodi ya dola bilioni 190.

Mwisho wake unajulikana. Kampuni ya Barrick iliichukua Acacia yote mwaka 2019, na Januari 24, 2020 mkataba ulitiwa saini: kampuni ya Twiga Minerals ambamo serikali ina asilimia 16, kugawana manufaa nusu kwa nusu, na malipo ya dola milioni 300 kumaliza mgogoro. Nayaona mapatano hayo kuwa na faida kwa nchi. Lakini yaligawa manufaa ya mbele. Hayakumwambia mwananchi ni kadirio lipi la makontena lilikuwa sahihi. Kwa mtu anayeamini kwamba vipimo ni mali ya umma, hilo ni deni ambalo halijalipwa. Sampuli za pamoja, zilizofungwa mbele ya pande zote na kupelekwa kwenye maabara tatu, zingegharimu kidogo sana ukilinganisha na bilioni zozote zilizotajwa.

Kuna makadirio ya zamani zaidi yenye jeraha. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa. Walikuwa wangapi? Kulingana na unayemsoma, ni makumi ya maelfu au laki kadhaa. Karibu kila andiko la Kiingereza juu ya tukio hilo lina "an estimated" au "it is estimated that", na Kiswahili chetu cha ofisini kimeirithi kwa "inakadiriwa kuwa". Kitenzi hicho hakina mtu. Nani alikadiria, akiwa amesimama wapi, kwa kuhesabu nini, vibanda, maduara au vichwa? Mhariri yeyote anayeheshimu wasomaji wake angekataa "inakadiriwa" isiyo na mwenyewe, kama anavyokataa nukuu isiyo na msemaji.

Nimebakiza neno moja la muda, nalo ndilo linaloingia mfukoni mwa watu moja kwa moja. Sheria za ardhi za 1999 zinasema anayetwaliwa ardhi alipwe fidia "full, fair and prompt": kamili, ya haki, na ya haraka. "Prompt" ni haraka kiasi gani? Wiki mbili tatu? Msimu mmoja wa pamba? Neno likiachwa hivyo, mwenye kulipa hulinyoosha kama mpira. Kwa bahati nzuri waliotunga kanuni za fidia za mwaka 2001 waliona mwanya huo wakauziba: malipo ya "prompt" ni yale yaliyofanyika ndani ya miezi sita, na yakichelewa yanadai riba. Hapo sheria ilifanya kazi ambayo kamusi haiwezi. Ilichukua neno la kukadiria na kulifunga kwenye kalenda. Bado nimekutana na watu waliothaminiwa migomba na nyumba zao, wakaambiwa "mtalipwa hivi karibuni", na wakakaa mwaka wa pili bila kujua kwamba miezi sita imeandikwa na riba imeandikwa.

"Hivi karibuni", "soon", "shortly", "in due course", "within a reasonable time": maneno haya yana mahali pake kati ya marafiki wanaoaminiana. Yakiingia katika mkataba kati ya mwenye nguvu na asiye nazo, kila siku ya utata ni siku ya mwenye nguvu. Hilo ndilo nililokusudia kulisema tangu mwanzo wa sura hii. Katika mgao wa viroba, wote wanabeba kutojua. Katika karatasi ya Kiingereza yenye "approximately", "up to" na "in due course", kutojua huwa kumebebeshwa upande mmoja, nao ni upande usioisoma lugha hiyo.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua njema, lakini haijagusa ripoti zinazoandikwa kwa ajili ya masoko ya hisa ya nje, wala nyaraka nyingi za mradi zinazoletwa kwenye mikutano ya hadhara zikiwa na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili. Kwa hiyo kazi inabaki kwetu: watendaji, walimu, waandishi wa redio za Kahama na Geita, na wewe unayesoma Kiingereza katika familia isiyokisoma. Siku utakapoombwa kumsomea mzee karatasi yenye moja ya maneno haya, usimpe "kama" na kuendelea. Mwambie ni dari au ni sakafu, mwambie nani alikadiria na kwa kupima nini, kisha mshauri asitie dole gumba mpaka namba ya chini kabisa na tarehe ya mwisho kabisa ziandikwe kwa Kiswahili juu ya karatasi hiyohiyo.